Uamsho wa Kikristo katika Buhaya

Uamsho wa Kikristo katika Buhaya ni tapo la kiroho lililowagusa Wakristo wa Bukoba, Muleba na maeneo ya jirani, katika mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Ni sehemu ya Uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Rwanda na Uganda na kuenea hadi Kenya na Tanganyika.

Tapo hilo halikuleta kitabu kipya cha imani wala sakramenti mpya. Lilichokazia ni kwamba Injili ionekane katika mambo ya kila siku: deni lililolipwa, mpaka wa shamba uliorudishwa mahali pake, mume na mke waliosameheana, majirani waliokuwa hawasalimiani wakaanza tena kula pamoja. Kwa sababu hiyo lilisifiwa na wengi, lakini pia lilileta mivutano ndani ya makanisa na ndani ya koo, na baadhi ya maswali liliyoyazusha yanaendelea kujadiliwa hadi leo.

Jina

Wafuasi wa uamsho waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani "waliookoka". Kutokana na neno hilo Kiswahili kilipata mlokole (wingi: walokole). Wao wenyewe walipendelea kuitana "ndugu".

Siku hizi neno mlokole hutumika Tanzania kwa mapana zaidi, likiwahusu pia Wapentekoste na Wakristo wengine wanaotangaza kwamba wameokoka. Mara nyingine hutamkwa kwa kejeli. Ni vema msomaji atofautishe matumizi hayo na uamsho wa asili, ambao wafuasi wake kwa kawaida walibaki waumini wa makanisa yao, hasa ya Kilutheri na ya Kianglikana.

Mazingira

Buhaya ni nchi ya vilima iliyoko magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kabla ya ukoloni ilikuwa na falme kadhaa, kama vile Kiziba, Bukara, Kyamutwara, Kianja na Ihangiro, kila moja ikiwa chini ya mtawala aliyeitwa Mukama. Sehemu kubwa ya Ihangiro imo katika wilaya ya Muleba ya leo.

Maisha ya Wahaya yalijengwa juu ya kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ambamo hupandwa pia mibuni, maharagwe na mazao mengine. Kibanja si mali ya kiuchumi tu: ndipo wazee walipozikwa, na ndipo ukoo unapotambulika. Kwa hiyo ugomvi juu ya kibanja ni ugomvi mzito kuliko hasara ya ndizi chache.

Kanisa Katoliki lilifika kupitia Wamisionari wa Afrika (White Fathers), ambao baada ya vita vya kidini vya Buganda walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ilianza mapema katika karne ya 20 na kuwa mojawapo ya vitovu vya malezi ya mapadri wazalendo.

Uprotestanti nao ulitangulia kuletwa na Waafrika wenyewe. Wahaya waliokwenda Buganda walijifunza kusoma na kuamini huko, kisha wakarudi na kuwafundisha wenzao. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifika Bukoba mwaka 1910 wakiongozwa na Ernst Johanssen. Vita Vikuu vya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, waumini wenyewe, wakiwa na viongozi kama Andrea Kajerero, waliendelea kukusanyika, kufundisha na kusali. Hali kama hiyo ilijirudia Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939. Wamisionari Wajerumani walikamatwa, na baadaye Waswidi wakaja kusaidia, akiwemo Bengt Sundkler aliyefanya kazi Bukoba tangu 1942 hadi 1945.

Jambo hilo ni muhimu kwa kuelewa uamsho. Ulifika Buhaya wakati ambapo Wakristo walikuwa tayari wamezoea kubeba kanisa lao bila kumtegemea mgeni kwa kila kitu.

Chanzo na kuenea

Mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki kwa kawaida huhusishwa na mwaka 1929, ambapo Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Kianglikana ya Gahini (Rwanda), alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Wote wawili walikuwa wamechoka kiroho, wakatumia muda pamoja katika kusoma Biblia na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifanya kazi Gahini hadi alipofariki mwaka 1936. Katika miaka hiyo uamsho ulipamba moto Gahini, ukaenea Kigezi na Buganda, ukafika Kenya mwaka 1937.

Katika Tanganyika mojawapo ya milango ya kwanza ilikuwa Katoke, katika wilaya ya Muleba ya leo, ambapo Waanglikana walikuwa na chuo cha ualimu. Uamsho ulifika hapo mwishoni mwa miaka ya 1930. Walimu ndio waliokuwa wajumbe wazuri wa ujumbe huo: walihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, walijua kusoma, na waliheshimiwa vijijini. Kutoka kwa Waanglikana ulivuka na kuingia katika sharika za Kilutheri za Buhaya, kwa kuwa ndugu, majirani na wafanyabiashara walivuka mipaka ya madhehebu kila siku, na mpaka wa Uganda haukuwa mbali.

Mikutano ya uamsho ilivuta watu wengi. Wimbo wa Kiganda Tukutendereza Yesu ulikuwa alama yake katika Afrika Mashariki yote, ukiimbwa hata na watu wasiojua Kiganda.

Mafundisho na desturi

Kutembea nuruni

Msingi wa mafundisho ya uamsho ulikuwa waraka wa kwanza wa Yohana (1 Yoh 1:7), unaohusianisha mambo matatu: kutembea nuruni, kushirikiana, na kutakaswa kwa damu ya Yesu. Walokole waliyaona hayo matatu kuwa kitu kimoja. Mtu anayeficha dhambi yake, walisema, hawezi kushirikiana kweli na mwenzake, hata kama wanakaa benchi moja kanisani.

Kutokana na hilo kulizuka desturi ya kuungama mbele ya ndugu. Mtu alisimama na kutaja kosa lake kwa jina: si "nimekuwa dhaifu", bali nimeiba, nimesema uongo, nimemchukia fulani. Kisha alieleza jinsi alivyosamehewa. Maelezo hayo yaliitwa ushuhuda. Ndugu pia walikuwa na haki ya kumwendea mwenzao na kumwambia uso kwa uso jambo waliloliona si sawa katika mwenendo wake, badala ya kulisema pembeni.

Kurudisha na kulipa

Ungamo la mdomo halikutosha. Mfano uliopendwa ni ule wa Zakayo mtoza ushuru (Lk 19:1-10), aliyeahidi kurudisha mara nne alichowanyang'anya watu. Kokote uamsho ulikofika, wenye maduka, misheni na ofisi za serikali walishangaa kuletewa fedha na vitu na watu ambao hakuna aliyekuwa akiwadai: vitabu vya shule, vyombo vya kazi, kodi iliyokwepwa.

Katika Buhaya kurudisha kuligusa hasa mambo ya kibanja na kahawa. Mipaka ya mashamba huoneshwa kwa mimea, hasa mulamula, mti mwembamba usiokufa kwa urahisi. Kung'oa mulamula usiku na kuupanda hatua mbili mbele ni kosa rahisi kutenda na gumu kuthibitisha, kwa kuwa shahidi wa kweli mara nyingi ni mwenye kutenda peke yake. Ndiyo sababu mtu akirudisha mpaka kwa hiari yake, kijiji kizima huelewa maana yake bila mahubiri. Vilevile katika biashara ya kahawa: kuongeza mawe au maji katika gunia, au kuchezea mizani, ni wizi ambao mnunuzi na mkulima huweza kuufanya bila kukamatwa. Uamsho uliuita kwa jina lake.

Kurudisha kulikuwa na gharama. Aliyeungama wizi aliweza kupoteza kazi au kushtakiwa. Aliyerudisha shamba aliwapunguzia watoto wake urithi, na ndugu zake wa damu hawakukubali kila mara. Walokole wenyewe walijua kwamba hapo ndipo toba ya kweli ilipotengana na msisimko wa mkutano.

Ushirika wa nyumbani

Nguzo ya tapo haikuwa mikutano mikubwa bali ushirika, yaani kikundi cha watu wachache waliokutana kila juma, mara nyingi nyumbani mwa mmojawapo. Walisoma Biblia, waliimba, walitoa ushuhuda, waliombeana na kupanga namna ya kumsaidia mwenye shida. Uongozi haukutegemea cheo. Mchungaji aliweza kukaa chini akimsikiliza mkulima asiyejua kusoma, na mmisionari Mzungu alitarajiwa kuungama kiburi chake mbele ya Waafrika, jambo lisilo la kawaida katika jamii ya kikoloni.

Wanawake walipata nafasi ambayo desturi haikuwapa. Katika jamii ambamo salamu zenyewe hutofautiana kulingana na umri, jinsia na cheo, mwanamke alisimama na kusema mbele ya wanaume, wakamsikiliza. Wengine walijulikana kama washauri wa ndoa na wapatanishi.

Uamsho na ukoo

Kwa Mhaya ukoo ndio uliompa mtu jina, ardhi, mwenzi wa ndoa, msaada wakati wa njaa na kaburi. Mlokole alipoanza kumwita "ndugu" mtu wa ukoo mwingine, au hata wa kabila lingine, hakubadilisha neno tu. Alijifunga kumkaribisha nyumbani, kumwuguza, kumsaidia ada ya shule ya mtoto na kuwepo kwenye mazishi yake.

Wahaya walikuwa tayari na njia ya kuwafanya watu wasio wa damu moja kuwa ndugu. Ni omukago, agano ambalo kila mmoja alimeza buni ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa na wajibu wa kusaidiana na kutosalitiana maisha yote. Jamii iliyojua agano la namna hiyo haikuwa na ugumu wa kuelewa kwamba damu ya mmoja inaweza kuwafunga watu wengi kuwa familia moja, na kwamba kumsaliti ndugu wa agano ni jambo la kutisha.

Hata hivyo uamsho uligongana na ukoo katika mambo kadhaa. Walokole walikataa matambiko kwa mizimu ya wazee, ramli na hirizi. Wengi wao waliacha kabisa pombe, pamoja na rubisi, pombe ya ndizi ambayo ilinyweka katika harusi, misiba na mapatano yote. Kwa wazee, kijana aliyekataa kibuyu cha rubisi hakukataa kinywaji bali wale waliokitoa, na aliyekataa tambiko alionekana kuwatupa wafu. Baadhi ya walokole walijifunza kupunguza mshtuko huo kwa kuwa wa kwanza kufika msibani, kuchimba kaburi, kuchota maji na kukaa na wafiwa, wakionesha kwamba hawakuuacha ukoo bali matambiko yake tu. Wengine hawakuwa na uvumilivu huo, na nyufa zikabaki katika familia.

Ndoa na nyumba

Uamsho ulisisitiza ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, jambo ambalo makanisa yalifundisha tangu mwanzo. Jipya lilikuwa kwamba nyumba yenyewe ilihesabiwa kuwa mahali pa kwanza pa kupimia wokovu. Mume aliulizwa kama anamweleza mkewe bei aliyouzia kahawa. Mke aliulizwa kama ana neno moyoni asilolisema. Wazazi walihimizwa kuwaomba watoto msamaha walipowaonea, tendo gumu kwa mzazi yeyote, na gumu zaidi pale ambapo heshima ya baba hailezwi bali hudaiwa.

Mivutano

Uamsho ulilaumiwa kwa mambo yafuatayo:

- Kuhukumu wengine. Mkristo ambaye hakuwa na ushuhuda wa siku na saa ya kuokoka aliweza kuambiwa kwamba bado ni mpagani, hata kama alibatizwa na kuishi kwa uaminifu miaka mingi.

- Kuumiza kwa ungamo. Aliyeungama uzinzi hadharani mara nyingi alifichua pia jina au sura ya mtu mwingine ambaye hakuchagua kufichuliwa. Ndoa nyingine zilipona kwa ukweli, nyingine zilivunjika. Kwa uzoefu huo vikundi vingi vilijifunza kwamba dhambi iungamwe kwanza kwa yule aliyekosewa, na kwamba si kila jambo ni la mkutano.

- Kudharau uongozi wa Kanisa. Huko Uganda mgogoro ulikuwa mkali mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walipofukuzwa. Katika Buhaya pia wachungaji na wamisionari walitofautiana kuhusu vilio, mitetemeko na maono ya mikutano, na baadhi ya wafuasi walijitenga na Kanisa la Kilutheri. Wengi hata hivyo walibaki.

- Kusahau dhambi za jamii. Tapo lilikuwa na jicho kali kwa wizi wa jembe, lakini halikuuliza kwa nguvu hiyohiyo juu ya mifumo isiyo ya haki. Katika Buhaya kulikuwa na nyarubanja, mfumo wa umiliki ambao uliwafanya wakulima wengi kuwa wapangaji wa mabwana wa ardhi. Mfumo huo ulikomeshwa kwa sheria za nchi baada ya uhuru, katika miaka ya 1960.

Lawama hizo zilitolewa pia na watu waliolipenda tapo. Hazifuti mema yake, bali zinaonesha kwamba ukweli bila upole huweza kuwa silaha.

Josiah Kibira

Mtu aliyejulikana zaidi kati ya Wahaya waliolelewa na uamsho ni Josiah Kibira (1925–1988). Alikuwa mwalimu kabla ya kusoma theolojia huko Bethel (Ujerumani) na kupewa uchungaji. Baadaye alisoma pia Boston (Marekani). Mwaka 1964 alipokea uaskofu wa dayosisi ambayo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), akimfuata Sundkler aliyekuwa askofu wake wa kwanza. Aliongoza hadi mwaka 1984. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kitabu chake Church, Clan, and the World (1974) kinachunguza uhusiano wa Kanisa, ukoo na ulimwengu kwa kutumia mang'amuzi ya Buhaya. Umuhimu wake katika historia hii ni kwamba alikuwa mlokole na askofu kwa wakati mmoja. Alishika ushuhuda wa wokovu wa mtu binafsi, na papo hapo alisimamia shule, hospitali na miradi ya maendeleo. Kwake mambo hayo mawili hayakutakiwa kushindana. Ndani ya dayosisi hiyo Hospitali ya Ndolage, huko Kamachumu (Muleba), iliyoanzishwa na wamisionari wa Bethel, iliendelea kuhudumia watu wa imani zote.

Njia ya Kanisa Katoliki

Kanisa Katoliki lina waumini wengi sana katika Bukoba na Muleba, na uamsho wa walokole haukulienea. Lakini swali lilelile, jinsi Injili inavyoingia jikoni na shambani, lilijibiwa humo kwa njia nyingine.

Mtu wa kwanza kukumbukwa ni Laurean Rugambwa (1912–1997), mzaliwa wa Bukongo karibu na Rutabo, katika wilaya ya Muleba ya leo. Alipata upadrisho mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, wa kwanza kati ya Waafrika weusi katika nyakati zetu. Masalia yake yamezikwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, na mwaka 1976 walizifanya kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya ni kaya chache za majirani zinazokutana kila juma nyumbani mwa mojawapo. Husoma Injili ya Jumapili na kuuliza inawadai nini wiki hiyo. Humtembelea mgonjwa, humlimia mjane, huchangia msiba, huwapatanisha waliogombana. Mara nyingi anayeomba ubatizo wa mtoto au ndoa hutakiwa kwanza ajulikane katika jumuiya yake.

Tofauti na ushirika wa walokole iko wazi. Ushirika ulikusanya waliochagua kuokoka, wakati jumuiya hukusanya wote wanaoishi jirani, wenye bidii na wazembe. Ushirika ulitegemea ushuhuda, jumuiya inategemea utaratibu wa parokia. Kila njia ina hatari yake: ya kwanza kuwa kundi la wateule, ya pili kuwa mahali pa kukusanyia michango tu. Lakini zote zinakubaliana katika jambo moja: mtu hawezi kuishi Injili peke yake, na jirani ndiye anayejua kama inaishiwa au la.

Hata salamu zinaonesha ukaribu na tofauti hiyo. Mkatoliki husema "Tumsifu Yesu Kristo" na kujibiwa "Milele, amina". Mlokole husema "Bwana asifiwe" na kujibiwa "Amina". Katika njia za Kamachumu au Kashozi watu wengi hujua kuitikia zote mbili.

Wakati wa UKIMWI

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja katika miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoingizwa na wafanyabiashara wa mpakani. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta virusi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini, na asilimia 10 katika Bukoba vijijini na Muleba.

Kwa Wakristo waliozoea kutaja dhambi kwa jina kulikuwa na kishawishi cha kuona kila mgonjwa kama aliyehukumiwa. Wapo waliohubiri hivyo, na maneno yao yaliwaongezea wagonjwa upweke, wakiwemo wanawake walioambukizwa wakiwa waaminifu katika ndoa zao. Lakini ugonjwa haukubagua nyumba za walokole, za wachungaji wala za makatekista, na polepole mahubiri ya namna hiyo yalikosa pa kusimama.

Kilichobaki kilikuwa kazi: kumfulia mgonjwa matandiko, kumpikia, kumbeba hadi hospitali za Ndolage, Rubya au Kagondo, kumzika kwa heshima, na kuwalea watoto. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT ilianzisha huduma kwa yatima iliyojulikana kama HUYAWA (Huduma ya Watoto). Mashirika ya masista na parokia za Kikatoliki pia yalibeba mzigo huo. Vikundi vidogo vilivyozoea kukutana kila juma ndivyo vilivyojua mapema nani hajatoka nje siku tatu, na watoto gani wamebaki na bibi peke yake.

Uzuri wa nuru, kama walivyouelewa walokole wa kwanza, ulipata hapo maana nyingine: mgonjwa aliyeweza kusema hali yake mbele ya watu wasiomkimbia aliondokewa na mzigo wa kuificha.

Urithi

Kizazi cha kwanza cha uamsho kimekwisha kupita. Ushirika wa walokole upo bado katika sharika nyingi za Kilutheri na Kianglikana, ingawa vijana wengi huvutwa na makanisa ya Kipentekoste yenye vyombo vya muziki na ahadi za miujiza na mafanikio. Mahubiri ya mafanikio huuliza mtu atapata nini. Uamsho wa zamani uliuliza mtu atarudisha nini. Tofauti hiyo ya maswali huenda ndiyo urithi wake ulio wazi zaidi.

Swali hilo halijapitwa na wakati katika Bukoba na Muleba. Mfano ni butura, yaani kumnunulia mkulima kahawa ingali mtini kwa bei ndogo kwa sababu ana shida ya ada au ya matibabu. Serikali imeikataza, lakini shida haikatazwi kwa amri. Mnunuzi wa butura anaweza kuwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, na muuzaji akawa jirani yake wa benchi moja. Mali ya wajane na yatima, mipaka ya vibanja baada ya wazazi kufariki, na ahadi za kazi zisizolipwa ni mambo ya aina hiyohiyo.

Kuhusu mambo hayo Wakristo wa Buhaya wana kumbukumbu ya kurejea. Wapo watu wa eneo lao wenyewe ambao, bila kulazimishwa na mahakama, walikwenda kugonga mlango wa jirani wakiwa na deni mkononi. Waliokuwepo walilielewa tendo hilo kuwa mahubiri.

Tazama pia

- Uamsho wa Afrika Mashariki
- Josiah Kibira
- Laurean Rugambwa
- Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania
- Jumuiya ndogondogo za Kikristo
- Wahaya
- Wilaya ya Muleba